Fuata maji: tuliyojifunza katika kukarabati mabehewa ya kale ya umeme

Mtu anayekuja kujitolea kwa mara ya kwanza katika karakana ya makumbusho ya reli huanza kuulizia rangi: behewa hili litapakwa rangi gani, na lini? Sisi tuliokaa na kazi hii huanza na swali jingine. Maji yaliingilia wapi, yakapita wapi, yakatuama wapi? Ukishalijibu hilo, umeijua sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako. Nguzo iliyooza, bati lililovimba kwa kutu, mota iliyopoteza kihami chake (kinachozuia umeme usivuje), tangi la hewa lililoliwa kwa ndani, hata beringi iliyoungua: mara nyingi chanzo ni hicho hicho.

Tangu mhandisi Frank Sprague alipoonyesha mjini Richmond, Virginia, mwaka 1888 kwamba mtandao mzima wa tramu, yaani mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za mjini, unaweza kuendeshwa kwa umeme, miji mingi ya Marekani na Ulaya ilijenga reli za namna hiyo, na umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa takriban volti 600 ukawa wa kawaida. Mabasi na magari ya watu binafsi yalipotawala barabara, tramu ziliondolewa. Mabehewa machache yalinunuliwa yakiwa mazima. Seashore Trolley Museum ya Maine ilianza mwaka 1939 kwa behewa la wazi namba 31 la Biddeford & Saco, lililonunuliwa kwa dola 150. Illinois Railway Museum ilianza mwaka 1953 kwa behewa namba 65 la Indiana Railroad. Nchini Uingereza, tramu namba 45 ya Southampton, ambayo leo iko katika makumbusho ya tramu ya Crich, ilinunuliwa na wapenzi wa tramu mwaka 1948 kwa pauni 10. Mengi mno hayakupata bahati hiyo. Magurudumu, mota na shaba viliuzwa kama chuma chakavu, bodi tupu ikapelekwa shambani kuwa ghala, banda la kuku au chumba cha mapumziko.

Usizidharau bodi za namna hiyo. Bodi iliyojengewa nyumba juu yake, ikaezekwa paa jingine na kuzungushiwa mbao, huwa nzima kuliko behewa lililoachwa uwanjani likiwa na vyuma vyake vyote. Mwenye nyumba aliziba maji bila kujua anahifadhi kitu. Tukipewa nafasi ya kuchagua kati ya bodi kavu isiyo na mota na behewa kamili lililonyeshewa miaka thelathini, tunachukua bodi kavu. Mota na boji (fremu zenye magurudumu) zinaweza kutafutwa. Mbao za asili zikishaoza hazirudi.

Ukaguzi hufanywa kwa bisibisi nyembamba, tochi na kipima unyevu, kabla ya kufungua skrubu hata moja. Ncha ya bisibisi husukumwa kwa mkono kwenye miguu ya nguzo za madirisha, kwenye boriti ndefu za chini za pembeni, chini ya vizingiti vya milango na kwenye pembe za jukwaa la dereva. Mbao nzima huikataa ncha. Iliyooza huimeza sentimita mbili bila kutoa sauti. Macho peke yake hayatoshi, maana rangi iliyorudiwa mara nyingi hushikilia umbo la mbao ambayo ndani imekuwa unga. Tafuta pia mistari ya kahawia kwenye dari. Kila mstari huo una tundu lake juu ya paa, na mara nyingi tundu haliko juu yake moja kwa moja, kwa kuwa maji hutambaa juu ya mbao za paa mita nzima au zaidi kabla ya kushuka.

Kisha picha na lebo. Kila kipande kinachotoka hupigwa picha kikiwa mahali pake, hupewa namba, na skrubu zake huwekwa kwenye mfuko wenye namba hiyo hiyo. Andika upande: kulia au kushoto, mwisho namba 1 au namba 2, dirisha la ngapi. Madirisha mawili ya behewa la mbao yanayofanana kwa macho hayabadilishani, kwa sababu kila moja lilirandwa kwa mkono liingie kwenye nafasi yake. Kipande kilichooza kisitupwe mpaka kipya kiwe kimeingia na kukaa sawa. Hata nusu ya nguzo iliyobaki inakuonyesha kina cha ulimi (ncha inayoingia kwenye tundu la boriti), pembe ya mchongo na mahali tundu la skrubu lilipopita. Na kabla ya kukwangua rangi, chagua mahali palipofichika, panapolingana na kiganja, ukwangue hatua kwa hatua mpaka kila tabaka lionekane kama pete za mti. Linganisha rangi hizo ukiwa nje mchana, kwa sababu taa za karakana hubadilisha hasa kijani na kahawia. Kisha paache hapo bila kupakwa, pafunikwe tu, ili atakayekuja baada yetu ajionee mwenyewe.

Vumbi la rangi hizo ni sumu. Chukulia kwamba rangi ya kale ina madini ya risasi mpaka kipimo kionyeshe vingine: usipige msasa mkavu, vaa barakoa yenye kichujio cha vumbi la sumu, nguo za kazi zisiende nyumbani, na mikono ioshwe kabla ya kula. Asbesto nayo imo kwenye mbao za kuzuia cheche ndani ya kontrola (swichi kuu ya dereva), nyuma ya hita za chini ya viti na kwenye vihami vya baadhi ya nyaya. Hiyo usiiguse kabla wenye kibali cha kuiondoa hawajaiona.

Kazi ya kwanza ya ujenzi ni kunyoosha behewa, na hapa wengi huvutwa waanze na madirisha kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Behewa la mbao halibebwi na sakafu peke yake. Ubavu wote ulio chini ya madirisha hufanya kazi kama boriti moja, ukisaidiwa na fimbo ndefu za chuma zinazopita chini na kukazwa kwa skrubu za katikati. Miguu ya nguzo ikioza, ubavu unalegea, na ncha za behewa zinaanguka kwa sababu majukwaa yananing'inia nje ya boji. Funga uzi kutoka pembe hadi pembe kwenye boriti ya chini, pima kila baada ya mita moja, andika. Kisha weka jeki chini ya boriti zinazobeba uzito na uinue milimita chache, uache siku kadhaa, upime tena, uinue tena. Mbao iliyolala vibaya miaka hamsini ukiilazimisha irudi kwa siku moja itapasuka kwenye viungo. Zile fimbo za chuma usizikaze wakati nguzo zingali zimeoza. Nguvu yake yote itaishia kuponda kilichobaki. Madirisha yakitengenezwa kabla ya kunyoosha, yote yatakwama baada ya kunyoosha.

Nguzo ambayo mguu tu umeoza haihitaji kubadilishwa yote. Kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye mbao ngumu, halafu unga kipande kipya cha aina ile ile ya mbao kwa mkato wa mshazari wenye urefu wa angalau mara 8 ya unene wa mbao: nguzo ya sentimita 5 inataka mkato wa sentimita 40. Gundi ya epoksi inafaa, na mbao zote mbili ziwe na unyevu chini ya asilimia 15. Kabla ya kuingiza ulimi kwenye boriti, loweka uso uliokatwa kwa rangi ya msingi mpaka uache kunywa. Hapo ndipo maji yanapoingilia, kwenye kichwa cha nyuzi za mbao, na mjenzi wa kwanza mara nyingi aliuingiza ulimi ukiwa mkavu. Hapa hatumfuati.

Mabehewa ya chuma yana tatizo lile lile kwa sura nyingine. Maji yanayopita kwenye kioo hushuka ndani ya mfuko wa dirisha (nafasi ya ubavuni ambamo kioo hushukia) na kukaa pale bati la ubavu linapokutana na boriti ya chini. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotokana nacho, hivyo bati linasukumwa nje katikati ya ribiti (pini za chuma zinazopigwa kichwa ili kufunga mabati) na ribiti zenyewe hukatika vichwa. Kulipiga bati nyundo lirudi ni kazi bure, kwa kuwa kutu bado iko nyuma yake. Ondoa ribiti, fungua kiungo, safisha mpaka chuma cheupe, paka rangi pande zote mbili, kisha funga. Ikiwa utatumia ribiti za moto, urefu wa shina uwe unene wa mabati yote pamoja na takriban mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, ili kichwa cha pili kipate chuma cha kutosha. Ribiti iingie ikiwa na rangi ya chungwa, mmoja akandamize kwa uzito nyuma, mwingine apige. Ikipoa husinyaa na kuyabana mabati, na ndiyo maana iliyopigwa ikiwa imeshafifia kuwa nyekundu iliyokolea hulegea baadaye. Wakati wa kupanga mabati tumia bolti za muda katika kila tundu la tatu au la nne, usianze ribiti mpaka ubavu wote uwe mnyoofu.

Paa ndilo tunalolitolea muda mwingi kuliko sehemu nyingine ya bodi. Paa la asili la behewa la mbao ni mbao nyembamba zilizounganishwa kwa ulimi na mfereji, juu yake kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa rangi. Tunatumia turubai ya pamba namba 8, ambayo ina uzito wa takriban gramu 610 kwa mita ya mraba. Kitambaa cha plastiki au raba kinachobana kabisa huvutia kwa urahisi wake, lakini kikitoboka mahali pamoja maji hubaki chini yake bila kukauka, na mbao zitaoza miaka mingi kabla hujaona doa darini. Paka mbao za paa rangi nzito, tandaza turubai rangi ikiwa bado mbichi, anza kuvuta kutoka katikati kwenda ncha mbili, halafu kutoka mgongo wa paa kwenda pembeni. Watu wanne ndiyo idadi nzuri: wawili wanavuta, mmoja anapiga misumari, mmoja anapitisha mkono kusukuma mapovu ya hewa. Misumari iwe midogo ya shaba, kila baada ya milimita 25, maana ya chuma itatoa kutu na kutafuna kitambaa. Rangi ya kwanza ya juu iwe nyepesi ili ipenye kwenye nyuzi, kisha mbili au tatu za kawaida, ukiacha kila moja ikauke kabisa. Rangi nene ya mara moja hupasuka.

Palipo na bolti ndipo panapovuja. Mlingoti unaokusanya umeme kutoka waya wa juu umekaa kwenye kitako kilichofungwa kwa bolti zinazopenya paa, na mbao za kukanyagia mafundi juu zina skrubu zake. Kila tundu lijazwe mastiki isiyokauka, na mastiki itokeze pande zote bolti inapokazwa. Hilo ni la usalama pia. Mlingoti ukiacha waya unaweza kuliangukia paa ukiwa na volti 600, na turubai kavu yenye rangi nzima ni sehemu ya kihami.

Sasa umeme. Mota za mabehewa haya ni za koili mfululizo, yaani umeme ule ule hupita kwenye koili za sumaku na za rota (sehemu inayozunguka), na zikikaa zimezimwa muda mrefu hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hazikuguswa na mvua. Usiziwashe kwa kujaribu bahati. Tenganisha nyaya, pima ukinzani wa kihami kwa mega (kipima kihami) ya volti 500, upande mmoja kwenye koili na mwingine kwenye ganda. Kanuni ya zamani ni megaomu 1 kwa kila kilovolti, ukijumlisha megaomu 1, kwa hiyo mota ya volti 600 inataka angalau 1.6. Ikiwa chini ya hapo, ikaushe taratibu: funika kwa turubai, acha tundu juu la mvuke kutokea, weka hita ndogo chini, na joto la koili lisizidi nyuzi 90 za Selsiasi. Rekodi kipimo kila baada ya saa chache. Mwanzoni kitashuka, na mgeni wa kazi hii hudhani ameiharibu mota. Kinashuka kwa sababu joto lenyewe hupunguza ukinzani, takriban nusu kwa kila nyuzi 10, na pia unyevu unasambaa ndani kabla ya kutoka. Kisha kinakaa palepale, halafu kinapanda. Kikishapanda na kutulia, acha mota ipoe na upime tena kabla ya kuamini. Isipopanda hata baada ya siku nyingi, kihami kimekufa, na hapo ni kusuka koili upya.

Komyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba kwenye rota inayopokea umeme kutoka kwa brashi za kaboni, isafishwe kwa msasa wa kawaida. Msasa wa emeri usitumike, kwa kuwa chembe zake ngumu hujikita kwenye shaba na kula brashi. Ulanga (madini ya kihami) ulio kati ya vipande vya shaba ukwanguliwe mpaka uwe chini ya uso wa shaba kwa milimita 1 hivi, kisha kingo zilainishwe. Ulanga uliochomoza huirusha brashi, brashi hupiga cheche, cheche huchoma shaba. Pima pia nafasi kati ya rota na vipande vya sumaku, juu na chini. Ikiwa ya chini imekuwa ndogo kuliko ya juu, beringi zimekwisha, na rota itasugua kabla hujafika mbali.

Kontrola ya dereva, mfano zile za aina ya K za General Electric, ni silinda yenye vipande vya shaba inayozunguka mbele ya safu ya vidole vya shaba. Hatua zake za kwanza huweka mota mbili mfululizo, kila moja ikipata nusu ya volti, na za mwisho huziweka sambamba. Kila kidole kiguse kwa upana wake wote. Kinachogusa kona tu huchomeka na kuacha vishimo kwenye shaba. Paka vazelini kidogo sana. Ikizidi hukusanya vumbi la shaba, na vumbi hilo hupitisha umeme. Hatua za katikati hupitisha umeme kwenye rezista za chuma cha kusubu zilizo chini ya sakafu. Hizo nazo hunyeshewa na kupasuka, na dereva anayekaa muda mrefu kwenye hatua hizo atazipasha mpaka zing'ae.

Nyaya za zamani zenye raba iliyokauka zitoke zote. Badala yake tunatumia kebo laini ya injini za reli iliyopimwa kwa volti 2000. Swichi na fyuzi zichaguliwe kwa maandishi ya mkondo mnyoofu. Swichi iliyoandikwa volti 600 za mkondo geu (AC) haifai: mkondo geu hufika sifuri mara 100 au 120 kwa sekunde na cheche hupata nafasi ya kuzimika, ilhali mkondo mnyoofu hauna nafasi hiyo, na cheche itaendelea kuwaka mpaka iyeyushe shaba.

Siku ya kuingiza volti 600, behewa halipewi umeme moja kwa moja. Tunapitisha kwanza kwenye taa 5 za kizamani za volti 120 zilizofungwa mfululizo. Swichi zote za behewa zikiwa zimezimwa, taa zisiwake. Zikiwaka kwa nguvu zote, kuna mahali pamegusa ganda. Kisha washa saketi moja baada ya nyingine. Ukiwasha taa za ndani, ambazo nazo ni tano tano mfululizo, taa za majaribio na za behewa zitawaka kwa unyonge pamoja, na hilo ndilo unalotaka kuona. Mota ijaribiwe mbali na volti 600: magurudumu yakiwa hewani, betri ya gari ya volti 12 au mashine ya kulehemu ya mkondo mnyoofu inatosha kuizungusha polepole. Mota ya mfululizo isiyo na mzigo ikipewa volti zote huongeza kasi mpaka ijipasue.

Mfumo wa hewa ya breki hutunza maji yake wenyewe, kwa kuwa hewa iliyobanwa hutoa unyevu. Tangi lipimwe unene kwa kifaa cha sauti, hasa chini, kisha lijaribiwe kwa kujazwa maji na kubanwa mpaka mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Lisijaribiwe kwa hewa. Tangi lenye maji likipasuka huvuja, lenye hewa hulipuka. Vikombe vya ngozi vya silinda za breki vilowekwe kwenye mafuta ya ngozi mpaka vilainike. Kwenye tramu za kawaida zenye breki ya hewa ya moja kwa moja, gavana (swichi inayofuata shinikizo) huiwasha kompresa shinikizo likishuka hadi takriban psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba) na kuizima kwenye 65. Jaza, zima kompresa, tazama geji, tembea na maji ya sabuni kwenye kila kiungo.

Kwenye boksi za beringi za ekseli, fungua vifuniko vyote. Maji ni mazito kuliko oili. Hukaa chini na kuiinua oili mpaka imwagike, kisha sufu inayopaswa kulainisha ekseli inabaki ikinyonya maji. Toa sufu yote, kausha boksi, weka mpya iliyolowekwa oili na kuachwa ichuruzike, na isipite juu ya katikati ya ekseli, la sivyo uzi utavutwa chini ya beringi.

Karakana ya watu wanaojitolea ina hatari yake: anayeanza kazi Jumamosi hii huenda asiwe yule atakayeimaliza. Kwa hiyo nati iliyokazwa kwa kipimo hupigwa mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye bolti, na isiyo na mstari huhesabiwa kuwa imekazwa kwa vidole tu, hata aliyeikaza akiapa vingine. Kila jioni daftari la behewa huandikwa kilichofunguliwa na kuachwa wazi. Anayefanya kazi chini ya behewa au juu ya paa hutundika lebo yenye jina lake kwenye kamba ya mlingoti uliofungwa chini, na ni yeye peke yake anayeiondoa.

Safari ya kwanza iwe ya mita mia chache, kwenye reli tambarare, bila abiria, breki ya mkono ikiwa imeshajaribiwa. Simama, gusa kila boksi la beringi kwa nyuma ya mkono au pima kwa kipimajoto cha miale. Joto la kawaida ni lile ambalo mkono unavumilia, na boksi moja likiwa la moto kuliko mengine saba, hilo lifunguliwe siku hiyo hiyo. Fungua matangi utoe maji. Rudia kwa umbali wa kilomita moja, kisha tatu. Halafu liache behewa nje mvua inyeshe usiku mmoja, uingie asubuhi na tochi ukakague dari, miguu ya nguzo na mifuko ya madirisha kabla ya kuruhusu fundi wa rangi afungue kopo la vanishi.